Bondia akizeeka, apande uzito au aendelee kujikamua?

Mwaka 2003 mabondia wawili wa rika moja waliamua kupanda uzito, yaani kuhamia daraja la watu wazito zaidi, badala ya kujikamua, yaani kukausha mwili ili mizani isome kilo za daraja la chini. Roy Jones Jr alikuwa na miaka 34, James Toney alitimiza 35 mwaka huohuo. Walikuwa wanajuana vizuri. Novemba 1994 walipambana kwenye kilo 76.2, na Jones alishinda kwa pointi bila jasho kubwa, kwa sababu Toney alikuwa amepunguza kilo nyingi mno kwa muda mfupi na alifika ulingoni ameshaisha. Machi 2003, Jones akiwa na kilo 87.5 alimpiga John Ruiz na kuchukua mkanda wa uzito wa juu wa WBA, moja ya vyama vinavyotoa ubingwa wa dunia. Toney alimshinda Vassiliy Jirov uzito wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu, kisha Oktoba akammaliza Evander Holyfield raundi ya tisa.

Toney alibaki huko juu. Jones alirudi chini. Miezi minane baada ya Ruiz alikuwa tena kwenye mizani ya kilo 79.4 kupambana na Antonio Tarver. Hizo ni kama kilo nane, na sehemu kubwa ilikuwa misuli aliyoijenga kwa makusudi. Alishinda kwa tabu. Mei 2004 Tarver alimlaza raundi ya pili, na Septemba Glen Johnson akamlaza raundi ya tisa. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza pambano moja tu maishani, tena kwa kuondolewa kwa faulo.

Wapo wanaosema Jones alizeeka tu, uzito hauhusiki. Siwapuuzi, maana kasi ndiyo ilikuwa ngao yake, na kasi ndiyo ya kwanza kuondoka. Lakini nadhani wanatenganisha vitu visivyotengana. Umri hupandisha bei ya kila kilo unayoikata. Mtu akivuka miaka 30 misuli huanza kupungua polepole, hasa ile ya mwendo wa ghafla. Figo hupoteza uwezo wa kutunza maji, na hata kiu huchelewa kumwambia kwamba amekauka. Kwa hiyo yule aliyezoea kukata kilo sita akiwa na miaka 24 anafuata ratiba ileile akiwa na 34, mizani inasoma namba ileile, anadhani hakuna kilichobadilika.

Tazama siku ya mwisho kabla ya kupima. Bondia amevaa suti ya plastiki ndani ya tracksuit, anaruka kamba kwenye chumba chenye joto. Anatafuna peremende ili mate yaje, anayatema kwenye chupa. Midomo imepasuka. Kocha anampa kipande cha barafu akiweke ulimini, kisha anamwambia akiteme. Damu inakuwa nzito na moyo unapiga haraka hata akiwa amekaa. Baada ya mizani ana saa 24 hadi 36 za kunywa na kula, na wengi huamini zinatosha. Uzito kweli hurudi. Akiba ya nguvu kwenye misuli, na maji yanayoulinda ubongo dhidi ya kutikisika, havifuati saa ya promota.

Pamoja na hayo, kijana anayekata uzito si mjinga. Tangu mabondia walipoanza kupimwa siku moja kabla ya pambano, miaka ya 1980, asiyekata huishia kukutana na mtu mkubwa kuliko yeye. Februari 2000 Arturo Gatti na Joey Gamache walisaini kupambana kwa kilo 64. Usiku wa pambano, mizani ya televisheni ilionyesha Gatti ana kilo 72.6, Gamache 65.8. Pambano liliisha raundi ya pili, na Gamache, aliyeumia ubongo, hakupanda tena ulingoni. Ukimwambia bondia asijikamue huku mpinzani wake anajikamua, unamwomba awe Gamache.

Na kupanda nako kuna gharama. Ngumi iliyokuwa inalaza watu kwenye kilo 61 inaweza kuwa ya kuudhi tu kwenye kilo 67. Mikey Garcia, bondia fundi kwelikweli, alipanda ngazi mbili mwaka 2019 kumfuata Errol Spence, na majaji wote watatu hawakumpa hata raundi moja.

Ila ninachokiogopa kuliko vyote ni mkongwe kushuka. Oscar De La Hoya alikuwa na miaka 35 Desemba 2008 aliporudi kwenye kilo 66.7, uzito ambao hakuwa ameupigania tangu 2001, ili akutane na Manny Pacquiao aliyekuwa anapanda. Wengi walimhurumia Pacquiao kwa udogo wake. Baada ya raundi nane De La Hoya alibaki kwenye kiti, uso umevimba, na hakupigana tena.

Mfano wa Bernard Hopkins unawasumbua wa pande zote mbili. Alikaa kilo 72.6 hadi akavuka miaka 40, kwa sababu hakuruhusu mwili unenepe kati ya mapambano. Hakuwa na cha kukata. Alipopanda mwaka 2006 alimshinda Tarver yuleyule, na mwaka 2011, akiwa na miaka 46, akawa bingwa wa dunia tena. Kwangu hilo ndilo jibu lenye uzito zaidi: daraja la bondia mkongwe lipangwe kwa kilo anazotembea nazo siku ya kawaida, si kwa kilo alizowahi kuzifikia.

Wakubwa wa mchezo wamejaribu kuweka breki. IBF, chama kingine cha ubingwa wa dunia, kiliweka sheria ya kupima mabondia tena asubuhi ya pambano la ubingwa, wasizidi kikomo kwa zaidi ya pauni 10 (kilo 4.5 hivi). Nia ni njema, lakini kwa mtu mkubwa aliyezeeka breki hiyo inaweza kumwacha bado mkavu. Aprili 2025 Chris Eubank Jr, miaka 35, alisaini sharti la aina hiyo dhidi ya Conor Benn aliyekuwa anapanda ngazi mbili. Alizidi kwenye mizani kwa pauni 0.05, yaani gramu 23 hivi, akatozwa faini ya dola nusu milioni. Alishinda kwa pointi, kisha akapelekwa hospitali. Novemba walirudiana kwa kilo zilezile. Benn alimwangusha mara mbili raundi ya 12, na safari hii pointi zikawa zake.