Admirali alianzia nchi kavu

Kila linapotajwa neno admirali, yaani mkuu wa jeshi la majini, hakosekani mtu wa kukuhakikishia kwamba asili yake ni Kiarabu, amir al-bahr, yaani amiri wa bahari. Hapo kwenye amiri hakukosea. Ni yule yule wetu wa Amiri Jeshi Mkuu, ndugu wa amri na kuamuru. Bahari ndiyo iliyokuja baadaye, na inaniuma kuona sehemu tamu ya habari hii ikirukwa.

Sehemu hiyo iko Palermo, kisiwani Sicily. Wanormani, wapiganaji kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipouteka mji huo kutoka kwa Waislamu mwaka 1072, cheo cha amiri walikiacha kiendelee, na makarani wa Kilatini wakakiandika ammiratus. Mwenye cheo hicho alikuwa mtawala wa mji, mtu wa kodi na madaftari. Merikebu zilimfuata pole pole, hasa cheo kiliposhikwa na George wa Antiokia, Mkristo aliyemtumikia Mfalme Roger II kama “amiri wa maamiri” na kuiteka Mahdia, mji wa pwani ya Tunisia, kwa jeshi la majini mwaka 1148. Kanisa alilolijenga Palermo bado lipo, Santa Maria dell'Ammiraglio. Ndani kuna mozeiki, picha ya vipande vidogo vya rangi, inayomwonesha mwenyewe kasujudu miguuni pa Bikira Maria, na chini ya kuba inapita boriti ya mbao yenye maneno ya ibada ya Kikristo kwa Kiarabu. Nikiifikiria boriti ile sioni ajabu neno lilivyohamia Ulaya. Kiarabu kilikuwa lugha ya ofisini na ya kanisani, kwa hiyo cheo hakikuwa kigeni kwa Wanormani.

Kutoka huko Wafaransa wakapata amiral, Wahispania na Wareno wakasema almirante. Ile d ya Waingereza katika admiral iliingia kwa kulichanganya na neno la Kilatini la kustaajabia.

Halafu likatufikia pwani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa almirante, akamlazimisha mtawala wa mji kulipa ushuru wa dhahabu. Mtawala huyo alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye Wareno walimwandika Mir Habraemo. Ningekuwa mwalimu wa historia, somo ningelianzia hapo: almirante na amiri uso kwa uso, mmoja ana mizinga melini, mwingine ana mji wa kuulinda.