Lori Linakuja Nyuma

Kazi ya kutangaza kijijini kwetu ni yangu. Nina pikipiki, nina spika niliyoifunga nyuma kwa mpira wa tairi, na sauti Mungu kanipa. Msiba natangaza, mkutano wa hadhara natangaza, mbuzi aliyepotea natangaza kwa bei ya maelewano. Kwa hiyo Mtendaji aliponiita ofisini mwezi wa pili, mkononi ana barua yenye mhuri, sikushangaa. Kilichonishangaza ni masharti.

"Soma kama ilivyo. Usiongeze neno, usipunguze. Hii ni barua ya serikali."

"Hata Kigogo kidogo, Mtendaji? Wazee wetu wale."

"Ukitia Kigogo utapotosha maana. Atakayeitwa kujieleza ni mimi, si wewe."

Nikaisoma kama ilivyo, kitongoji kwa kitongoji, kuanzia kisimani hadi mashine ya kusaga. Kichwa chake kilisema hivi: YAH: UTEKELEZAJI WA AFUA JUMUISHI ZA LISHE NA KINGA KWA WALENGWA CHINI YA MIAKA MITANO KUPITIA HUDUMA ZA MKOBA. Chini yake: husika na kichwa cha habari hapo juu, wadau wahamasishe ili walengwa wajitokeze kwa wingi siku ya Ijumaa, viwanja vya ofisi ya kijiji, wakiwa na kadi zao. Nilichoongeza cha kwangu ni "Mbukwenyi!" ya kufungulia. Salamu si neno, nadhani.

Sisi watu wa Dodoma barua tumezizoea. Tulitangazwa makao makuu mwaka 1973, ofisi zenyewe zikaja kuhamia kwa kishindo baada ya 2016, na miaka yote ya katikati tulikuwa tunaletewa barua. Barua haimtishi mtu huku. Watu wanakaa chini, wanaichambua. Sasa mwezi wa pili si mwezi wa kuwaachia watu wa Dodoma barua waichambue. Uwele bado mbichi shambani, ghalani wamebaki panya, na mtu akishakula mlenda wa mchana anaanza kuwaza wa jioni.

Uchambuzi ulifanyika kwenye mashine ya kusaga, mimi nikiwa nimesimama palepale. Walengwa wanajulikana: ni wale wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hata mtoto wa chekechea atakwambia. Kadi wanazo. Lishe ni chakula, hapo hapakuwa na mjadala. Chini ya miaka mitano ni wale walioandikishwa juzijuzi, na hapo walengwa wa siku nyingi wakaanza kunung'unika kwamba wanabaguliwa. Kuhusu afua jumuishi aliulizwa mwalimu mstaafu. Akakohoa, akasema afua ni kupata afueni, na jumuishi ni wote kwa pamoja. Nani angembishia?

Likabaki la kinga. Mama mmoja alinishika usukani.

"Mwanangu, hiyo kinga, tutakinga nini?"

"Mama, barua haisemi."

"Haisemi kwa kuwa inajulikana. Ni mafuta ya kula. Jamani, tuje na madumu!"

Ijumaa, kabla jua halijachomoza vizuri, uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa. Sijawahi kuona mahudhurio ya namna ile, hata siku ya kampeni. Magunia, viroba, mikoba ya ukindu, madumu ya lita tano yamefungwa kamba shingoni. Mama yangu mzazi alikuwa mstari wa mbele na gunia, na ndani ya gunia amekunja gunia jingine.

"Mama, wewe si mlengwa."

"Anayetangaza nimemzaa mimi."

Ikaja gari moja nyeupe, ndogo. Wakashuka manesi wawili na dereva, na boksi la bluu. Minong'ono ikaanza: chakula cha kijiji kizima kitaenea humo? Sauti ikatoka katikati ya watu: "Lori linakuja nyuma." Hadi leo hakuna anayekiri kuisema. Lakini haukupita muda, kuna kijana aliapa kwamba ameliona kwa macho yake likikata kona kutoka barabara ya lami.

Kilichomaliza ubishi wote ni mizani. Nesi mkubwa alimpa dereva kamba, dereva akaitundika kwenye tawi la mkwaju: ile mizani ya saa, ya duara, yenye ndoano chini na mshale unaozunguka mpaka kilo 25. Watu walishusha pumzi. Mzee mmoja, mkulima aliyeumizwa na lumbesa miaka nenda rudi, alijisogeza na fimbo yake, akaugonga uso wa mizani kwa ukucha, akausubiri mshale utulie kwenye sifuri. Hakuridhika. Akaning'iniza gunia lake tupu kwenye ndoano, akainama kuchungulia, kisha akawageukia wenzake.

"Hii haijachakachuliwa."

Wakampigia makofi.

Ndipo nesi akafungua mfuko wake akatoa vile vikaptura vya kupimia watoto, vya rangi rangi, vyenye mikanda ya kuning'inizia. Alivitoa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya meza ya Mtendaji. Uwanja ukatulia. Mzee wa mizani akauliza taratibu, "Nesi, hizi nguo za nani?"

"Za watoto, baba. Shikamoo. Kwani watoto wako wapi?"

"Marahaba. Tumewaacha nyumbani, wangetusumbua kwenye foleni."

Wachache walikuwapo, wale wa mgongoni, lakini kadi waliyokuja nayo mama zao ilikuwa ya TASAF. Ya kliniki imelala nyumbani chini ya godoro. Nesi akakishika mkononi kile kichupa cha chanjo ya surua na rubela. Kichupa kimoja kina dozi 10, kikishachanganywa kina muda wa saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Akatazama kichupa, akatazama madumu.

"Kaka, nipe hiyo maiki."

Nikampa. Yeye hakusoma popote. Alisema hivi: "Wazazi, wenye watoto wadogo nendeni mkawalete, na kadi zao za kliniki. Aliyetimiza miezi tisa tunamchoma sindano ya surua, na wa mwaka na nusu anachomwa ya pili. Kuanzia miezi sita tunatoa matone ya vitamini A, wa mwaka na kuendelea dawa ya minyoo, tunapima na uzito. Chakula hatujaleta."

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Huyu ndiye aliyesema mkoba," alisema mama wa madumu.

Bahati yangu barua ilikuwa mfukoni. Niliitoa nikaisoma upya mbele ya watu wote, mhuri nimeuelekeza kwao. Mtendaji alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na nijuavyo mimi alivaa kandambili. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Huduma za mkoba ni sisi."

"Ninyi ndio mkoba?" Mzee wa mizani alikuwa bado hajaachia gunia lake.

"Ndiyo, baba. Badala ya ninyi kutembea mpaka kituo cha afya, sisi tunaibeba huduma tunawaletea."

"Na mkoba wenyewe uko wapi?"

Nesi akatazama lile boksi la bluu, akakosa la kusema.

Akina mama walirudi na watoto, tena wengi. Kuanzia hapo kazi ilikwenda vizuri, ila kwa kelele. Yale magunia yakatandikwa chini ya mkwaju yakawa mikeka ya kusubiria zamu. Mama yangu alipanga foleni ya matone, akaambiwa mwisho miezi 59, akauliza kama hawahesabu kwa kuanzia pale mtu alipopata wajukuu. Mzee wa mizani alijipa kazi ya kusoma mshale na kutangaza kilo kwa sauti, na kila mtoto akitundikwa alihakikisha kwanza mshale umerudi kwenye sifuri. Nesi alimwacha. Wapo waliokaa mpaka jua linazama wakisubiri lori.

Wiki iliyofuata Mtendaji aliniita nimsaidie kuchapa taarifa kwenye simu yangu. Aliandika kwamba mwitikio wa walengwa ulivuka lengo. Kwenye sehemu ya changamoto akafikiri kidogo, kisha akanisomea niandike: "Baadhi ya walengwa kufika na vifungashio visivyo rasmi."

Nikachapa. Halafu nikamuuliza hela yangu ya mafuta ya pikipiki.

"Iko kwenye mchakato," akasema.

Nikamwambia basi na taarifa yake nayo, kwa kuwa simu ni yangu, iko kwenye mchakato.