Nyumba Umenunua, Ardhi Ina Mwenyewe

Ndugu zangu mlioko Tanzania, mkisikia mtu kanunua fleti London, msidhani yamekwisha. Hapa England na Wales fleti nyingi huuzwa kwa mkataba wa miaka. Unalipa bei ya nyumba, unabeba mkopo wa benki, lakini jengo na ardhi vina mwenyewe. Miaka ikisalia chini ya 80, kuiongeza kunakuwa ghali mno.

Nami naishi katika fleti ya namna hiyo. Ankara ya huduma inakuja na bima, usafi, ukarabati na ujira wa wakala ambaye hatukumchagua sisi. Ngazi zilipopakwa rangi tukaomba risiti. Tukajibiwa kwa barua ya mistari mitatu kwamba kazi imekamilika, tulipe. Na kugoma ni hatari: deni likizidi pauni 350, mwenye ardhi anaweza kwenda mahakamani kuomba mkataba uvunjwe. Mtu apoteze nyumba aliyoilipia nusu ya maisha yake kwa pauni 350! Hapo ndipo ninaposema sheria hii ni dhuluma, hata kama mahakama huwa hazikimbilii kufika huko.

Bunge limeanza kurekebisha. Tangu tarehe 30 Juni 2022, mikataba mipya mingi haitozwi tena kodi ya ardhi, yaani pango la kila mwaka analolipwa mwenye ardhi. Sheria ya 2024 ikaweka nyongeza ya miaka 990 kwa anayeongeza mkataba wake, ila vifungu vyake vizito havikuanza kutumika papo hapo, na wenye ardhi wakakimbilia mahakamani kuipinga.

Najua mtaniambia hata kwetu hati ni ya miaka 33, 66 au 99. Ni kweli, lakini kwetu ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, na pango la ardhi linaingia serikalini. Hakuna tajiri anayenunua haki ya kukudai wewe na wajukuu zako. Tuna balaa zetu, kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, hati kusubiriwa miaka, na sizifichi. Ila kwenye maghorofa sheria yetu ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inawapa wenye fleti chama chao cha kusimamia jengo. England nayo ina utaratibu wa kufanana na huo, uliopitishwa kwa sheria ya 2002 na kuanza 2004, na wajenzi karibu wote wameukwepa kwa kuwa hakuna anayewalazimisha. Walazimishwe. Nanyi mnaonunua fleti Dar es Salaam, kabla ya kutoa hela ulizeni chama kimesajiliwa au la, na nani anashika hesabu zake.