Dons wa 1951: ratiba dhaifu au rangi ya ngozi?

Mwaka 1951 timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, Dons, ilimaliza msimu wa kandanda ya Kimarekani bila kufungwa: mechi tisa, ushindi tisa. Timu ya namna hiyo hutarajia mwaliko kwenye moja ya mechi kubwa za mwaka mpya, zenye fedha na heshima. Dons hawakualikwa kokote, na mpaka leo watu wanabishana kwa nini.

Wapo wanaosema ratiba yao ilikuwa nyepesi. Hilo si la kupuuza. Walikutana na San Jose State mara mbili, na baadhi ya wapinzani wao walikuwa timu za kambi za jeshi. Shirika la habari la AP liliwapa nafasi ya 14 tu. Lakini kikosi chenyewe kinaifanya hoja hii ipwaye. Ollie Matson alikimbia na mpira yadi 1,566, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa vyuo mwaka ule. Yeye, Gino Marchetti na Bob St. Clair wote waliingia baadaye katika Jumba la Mashujaa wa ligi ya kulipwa. Ni vigumu kuamini kwamba waandaaji waliitazama timu hiyo wakaona ni ya kawaida.

Matson na Burl Toler walikuwa weusi. Kwa masimulizi ya wachezaji wenyewe, walifahamishwa kwamba njia ya kwenda kucheza mechi hizo kubwa katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, yenye ubaguzi wa rangi, ingefunguka kama hao wawili wangeachwa nyumbani. Timu nzima ilikataa. Wenye shaka hudai barua ya mwaliko. Mimi siitegemei, maana sharti la aina hiyo lilipitishwa kwa mdomo, na mazingira ya wakati ule yanajieleza. Mwaka 1946 timu ya chuo cha Penn State walifuta mechi yao ya Miami kwa sababu wenyeji hawakutaka wachezaji weusi. Oktoba 20, 1951, msimu ule ule, Johnny Bright, mchezaji mweusi wa Chuo Kikuu cha Drake, alivunjwa taya na mchezaji wa Oklahoma A&M; mfululizo wa picha za gazeti ulionyesha akipigwa usoni wakati mpira hana, ukiwa mbali naye.

Mtu anaweza kujibu kwamba Januari 1948 Penn State haohao walicheza mechi ya mwaka mpya huko Dallas, Texas, wakiwa na wachezaji wawili weusi, kwa hiyo Kusini haikuwa imefungwa kabisa. Kweli. Ila kwangu mfano huo unawabana waandaaji zaidi: walijua kwamba jambo hilo linawezekana.

Ninapotofautiana na wanaowasifu Dons ni pale wanaposema kwamba msimamo ule ndio ulioua timu. Chuo kilifuta mchezo huo mara baada ya msimu, kwa sababu ya hasara. Lakini Georgetown na St. Mary's walikuwa wamekwisha kuacha mwaka uliotangulia, Loyola ya Los Angeles wakaacha wakati mmoja na Dons, na Santa Clara wakafuata baada ya msimu wa 1952. Vyote ni vyuo vya Kikatoliki vilivyoshindwa kumudu gharama. Pale San Francisco, tangu 1946, timu ya kulipwa ya 49ers ilikuwa ikicheza katika uwanja uleule wa Kezar na kugombea watazamaji walewale. Mapato ya mechi moja ya mwaka mpya yangelipa madeni ya mwaka mmoja, labda miwili.

Gharama halisi ya kukosa mwaliko naitafuta kwa Toler. Wenzake kadhaa walipata miaka mingi ya ligi ya kulipwa. Yeye aliumia goti mwaka 1952, na hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Aliingia kwa mlango mwingine mwaka 1965, akiwa mwamuzi wa kwanza mweusi wa ligi hiyo, baada ya miaka 13.