Noah ya Familia Ijaribiwe Ikiwa Imejaa

Desemba inapokaribia, sisi tunaoishi Arusha na kwetu ni Rombo huanza kulitafuta gari litakaloweza kumbeba bibi, watoto, mchele, sukari na mabegi kwa safari moja, kisha lirudi Januari likiwa na mikungu ya ndizi. Nimezunguka kwenye yadi na kwa madalali kwa muda mrefu nikitafuta gari la namna hiyo lililokwisha kutumika, na msimamo wangu ni kwamba kosa letu kubwa ni kulijaribu likiwa tupu, kwenye lami tambarare, ndani mkiwa wewe na dalali tu.

Wengi wetu huishia kwenye Toyota Noah. Watu husema "Noah" kana kwamba ni gari moja, ilhali ni magari mawili yenye tabia tofauti. Noah ya zamani, ambayo wengi huiita SR40, ilitoka mwaka 1996 ikiwa ndugu wa gari la mizigo la TownAce: injini iko chini ya viti vya mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Iliyoifuata mwaka 2001 ina injini mbele, sakafu yake iko chini zaidi, na kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele. Kwa mzee anayesumbuliwa na magoti, sakafu hiyo ni neema. Lakini ukipakia watu wanane na mizigo nyuma, kisha ukapanda njia ya udongo iliyolowa mvua, uzito huelemea nyuma na magurudumu ya mbele hukosa mshiko. Ambaye kwao ni kando ya lami ya Himo na Marangu hana sababu ya kuhofu. Anayeiacha lami na kupanda migombani anapaswa kulifikiria sana. Ndiyo maana bado naipendelea ile ya zamani, ingawa nyingi sasa zimechoka.

Udhaifu wa hiyo ya zamani ni joto. Kwa kuwa ni lazima kiti kiinuliwe ndipo injini ionekane, wenye magari huahirisha ukaguzi mpaka maji yanapungua na gasketi ya silinda hedi inaungua. Usikubali kukuta injini imekwisha kuwashwa. Ikute ya baridi, fungua rejeta utazame rangi ya maji, kisha panda nayo kuelekea Ilboru ukiwa na watu wa nyumbani ndani. Nilifanya hivyo na gari moja lililong'aa kama jipya, na kabla hatujafika juu mshale wa joto ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Dalali alisema ni sensa tu. Tuliliacha.

Linaloniumiza zaidi ni magari yaliyobeba abiria kwa miaka mingi kisha yakapakwa rangi na kuuzwa kama ya familia. Namba ya njano, ile ya magari binafsi, peke yake haithibitishi kitu. Tazama reli ya mlango wa kuteleza, maana mlango uliofunguliwa mamia ya mara kwa siku hulegea na kugonga. Inua zulia uone kama sakafu ina matundu ya boliti za viti vilivyoongezwa. Soma kadi ya gari kwa makini.

Toyota nyingine za familia zipo pia. Alphard ni tulivu na pana, lakini ni nzito, na injini yake ya lita 2.4 au zaidi inataka mfuko uliojipanga. HiAce ninaishauri tu kwa ukoo unaozidi watu wanane, kwa sababu ikiwa tupu hurusharusha abiria wa nyuma.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, keti mwenyewe kwenye kiti cha mwisho kabisa, uvute kila mkanda na kuufunga. Katika magari matano niliyoyakagua, mawili yalikuwa na mikanda iliyofukiwa chini ya viti au kukatwa kabisa, na hapo ndipo watoto wetu huketi.