Fomu Tupu Mkononi mwa Dalali wa Hisa

Mwezi Aprili mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipokuwa zikiuzwa kwa umma, karani wa kampuni moja ya udalali jijini Nairobi alinikabidhi fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba hisa 2,000, kiwango cha chini kilichoruhusiwa, kwa shilingi 5 kila moja. Ya pili ilikuwa ya kuuza. "Weka sahihi hapo chini tu, mzee wangu. Idadi na tarehe tutajaza sisi siku utakapotaka kuuza." Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, nami nikatia sahihi.

Usingizi ulinipaa usiku huo, kwani mwezi uliotangulia tu kampuni nyingine ya udalali, Nyaga Stockbrokers, ilikuwa imewekwa chini ya msimamizi wa kisheria, na miongoni mwa malalamiko ya wateja wake ni kwamba hisa zao ziliuzwa bila wao kujua. Mwaka 2007 ilikuwa zamu ya dalali mwingine, Francis Thuo & Partners, kufungiwa biashara. Mfuko wa fidia kwa wawekezaji wakati huo haukumlipa mteja zaidi ya shilingi 50,000, hata kama alichopoteza kilikuwa akiba ya maisha yake yote.

Mwekezaji wa kawaida haingii mwenyewe katika Soko la Hisa la Nairobi; ni lazima apitie kwa dalali mwenye leseni. Tangu hifadhi kuu ya dhamana, yaani chombo kinachotunza kumbukumbu za nani anamiliki hisa zipi, ianze kazi mwaka 2004, hisa zilianza kuhama kutoka kwenye vyeti vya karatasi na kuwa maandishi ndani ya kompyuta, na ingawa akaunti hubeba jina la mwenye mali, anayeingiza maagizo ni dalali. Zamani aliyetaka kukuibia alihitaji kwanza kukipata cheti ulichokificha sandukuni. Mfumo mpya uliondoa vyeti bandia, na hilo nalisifu, lakini ulimwachia dalali ufunguo wa nyumba isiyo yake.

Ndiyo maana naona kwamba wajibu wa kwanza wa dalali si kutoa ushauri wala kutafuta bei nzuri, bali ni kutenganisha: fedha za wateja zikae katika akaunti iliyotengwa kwa ajili yao pekee, zisilipe kodi ya ofisi wala mishahara, na agizo la mteja litangulie lile la kampuni yenyewe inaponunua hisa zilezile kwa faida yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami ningeongeza kwamba daftari linaloshikwa na dalali peke yake halitoshi.

Baada ya misukosuko ile, kima cha chini cha mtaji wa dalali kilipandishwa hadi shilingi milioni 50. Ni hatua ya maana, ila mtaji mkubwa hauzuii mkono kuingia mfuko wa mwenzake; huchelewesha tu siku ya kugundulika. Wapo pia wanaosema dawa ni kuwaelimisha wawekezaji, na kauli hiyo hunikera kidogo, kwa maana humtwika aliyeibiwa kazi ya mlinzi. Mimi ningependa agizo la kuuza lisifike sokoni kabla hifadhi kuu haijamuuliza mwenye hisa moja kwa moja, kwa simu yake, akajibu ndiyo. Madalali watalalamika kwamba bei hubadilika upesi. Ni kweli, na mteja anayetaka kasi aruhusiwe kuuondoa ulinzi huo kwa maandishi yake mwenyewe, yenye tarehe.

Siku mbili baadaye nilirudi kuidai fomu yangu. Karani hakubisha. Alivuta droo, akatoa rundo la unene wa kiganja, akaanza kupekua moja baada ya nyingine, zote zikiwa na sahihi, zote zikiwa hazina tarehe, mpaka akafika kwenye yangu.