Mwani Wenye Midomo

Tumbawe sahani ni polipu moja tu, yaani mnyama mmoja, hata likiwa kubwa kama kiganja. Mdomo uko katikati kama tundu la kifungo, mbavu za chokaa zinatoka hapo hadi ukingoni, na halijishikizi popote. Linakaa tu juu ya mchanga. Langu, nililolifuga nyumbani kwenye tangi la maji ya chumvi, lilikuwa la rangi ya chungwa, upana sentimita 12, limenawiri kama bwana harusi. Kiherehere kikanipanda: nilikate yawe mawili.

Kanuni naijua. Unakata kwa kisahani cha almasi kinachozungushwa na mashine, si kwa koleo, maana koleo hupasua mbavu ovyo na kuchana nyama. Unapita katikati ya mdomo ili kila nusu ibaki na kipande chake. Na kisahani unakinywesha maji ya tangi muda wote, kisipate joto kikaunguza nyama.

Nilichosahau ni kwamba maji ukiyamwagia kitu kinachozunguka kwa kasi ile, lazima yapate pa kwenda. Yalikwenda ukutani, darini, na kwenye shati jeupe la mke wangu lililokuwa limetoka kupigwa pasi. Wala hayakwenda peke yake. Tumbawe likikatwa hutoa ute, na ute ule unavutika kama kamasi. Miwani ya kujikinga nilivaa. Mdomo niliuacha wazi.

"Baba, hiki nini?" mke wangu akauliza.

"Upasuaji, mama."

"Mgonjwa ni shati langu?"

Kisayansi tumbawe hili huitwa Fungia, na usiku ule nilifungiwa kweli: nililala sebuleni, mita mbili kutoka kwenye tangi.

Nusu zote mbili nilizitia kwenye maji ya tangi yenye iodini kwa dakika 10, nikazisuuza. Hapo ningeziweka mchangani, penye mkondo wa wastani, niende zangu. Lakini nikahofia pampu isizipeperushe, nikazibandika juu ya jiwe kwa gundi. Tumbawe sahani huvimba kwa maji, hasa linapojaribu kujisogeza, na likivimba juu ya jiwe lenye makali, nyama inajikwaruza mpaka inachanika. Siku ya tatu nusu ya kwanza ilifunikwa na uozo wa kahawia kama jeli. Niliufyonza kwa mpira, nikarudia iodini, wapi! Wiki haikuisha, imebaki mifupa mieupe.

Nusu ya pili iliokolewa na uzembe wangu. Sikufuta ute kabla ya kupaka gundi, kwa hiyo gundi ilishika ute badala ya chokaa. Usiku ikaanguka mchangani, na huko huko ikapona.

Ile mifupa niliona uvivu kuitupa, nikaisukumia pembeni. Chumvi, joto, alkalini na kalsiamu ya maji nikaendelea kuvishika kwenye kiwango chake. Mwezi wa tatu tangu hapo, mifupa ikaanza kuota vidoa vya kijani, kila kimoja kama kichwa cha pini. Mwani, nikasema. Nikachukua mswaki, nikaisugua. Vikarudi, nikasugua tena. Wiki nane nilifanya hivyo kwa bidii, nikijisifu kwa usafi.

Jumamosi moja mwanangu wa miaka saba akabandika pua kwenye kioo.

"Baba, huu mwani una midomo."

Nikachukua lenzi. Fungia hata likionekana limekufa, chembe ya nyama ikisalia ndani ya mifupa huweza kuchipua watoto, kila mmoja juu ya kikonyo chake, na akikomaa hujikata mwenyewe, bila almasi wala iodini. Walikuwa wamebaki wanne, kwa chini, mswaki usikofika.

Mke wangu akauliza, "Wa juu walikuwa wangapi?"

Nikamwambia doa la shati limetoka.